Alikuja na kasha limefunikwa salfeti

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alifika kwenye karakana yetu Nyakato na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na kasha refu la mbao, limefunikwa salfeti mbili na kufungwa kamba mzunguko baada ya mzunguko. Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti, nikamuuliza ametuletea nini. Akaangalia mafundi waliokuwa ndani, akanivuta pembeni: "Mwanangu, kabla sijafungua, niambie kwanza nani na nani wataona."

Kazi yangu ni kulea wabunifu. Kwa mafunzo mimi ni mhandisi wa mitambo, lakini siku hizi muda wangu mwingi unakwenda kwa watu kuliko kwa mitambo. Na swali la yule mama ndilo ninaloulizwa kabla ya swali la drili, kabla hata ya swali la pesa. Wafadhili na viongozi wakitaka kujenga kituo cha ubunifu, huanza na orodha ya mashine. Sibezi mashine. Ila nimeingia vyumba vyenye mashine za bei kubwa zimefunikwa vumbi, na nimekaa chini ya mwembe wenye benchi moja na vaisi moja, mafundi wakibishana mpaka giza linaingia. Kilichotofautisha sehemu hizo mbili ni namna mtu anavyopokelewa siku ya kwanza, akiwa ameshika kitu ambacho hakijakamilika na yeye mwenyewe hana uhakika nacho.

Nchi yetu ina kisa chake cha jambo hili, na ndicho ninachomsimulia kila msimamizi mpya. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye jokofu. Nafasi ikawa inaisha, Mpemba akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Akabaki na swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, ambako Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza tena. Wenzake wakacheka. Osborne hakumwambia yuko sahihi. Alikiri kwamba hajui, akaahidi kulijaribu akirudi Dar. Akalijaribu kweli, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, nalo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima.

Ninachowaambia wasimamizi ni hiki: angalieni alichofanya Osborne. Hakusifia, hakukosoa. Alisema tujaribu. Ukarimu wa karakana unaanzia hapo.

Basi, lile kasha. Nilimweleza mama taratibu zetu, nitazifikia, akakubali kufungua. Chini palipakwa rangi nyeusi, katikati kuna chano cha neti, juu nailoni nyeupe imekazwa kwa misumari. Alitaka kukausha dagaa humo. Anayeijua pwani ya Ziwa Victoria anajua kwa nini. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, asubuhi wanaanikwa, na jua likiwa kali siku moja inatosha. Wakianikwa chini wanabeba mchanga, na mlaji anauhisi kwenye meno. Mvua ikishuka kabla hawajakauka, mzigo uliokuwa chakula cha watu unageuka kuwa chakula cha kuku, na bei inageuka nao.

Swali letu la kwanza kwa kila mgeni ni moja, na limekatazwa kubadilishwa: "Umekwama wapi?" Mama akajibu, "Wanaiva." Akatoa mfuko, akatuonyesha. Kweli, dagaa walikuwa laini, ngozi inabanduka ukiwagusa, kama waliotoka kwenye sufuria.

Fundi bati mmoja, aliyejifunzia kazi Makoroboi, kule ambako makopo matupu yaligeuzwa taa mpaka eneo likapata jina, akapitisha kiganja upande wa ndani wa nailoni. Kikatoka kimelowa. Hakusema kitu; alimnyooshea mama mkono ule. Mama akauangalia, akasema mwenyewe: "Kumbe yale maji hayana pa kutokea."

Ndivyo ilivyo. Joto peke yake halikaushi samaki. Hewa ya moto inabeba maji kutoka kwenye nyama, na lazima iondoke ili hewa kavu ichukue nafasi yake. Yeye alikuwa ameziba kila upenyo kwa silikoni ili joto lisipotee, hewa ikajaa unyevu, dagaa wakapikwa kwa mvuke. Fundi akakata madirisha madogo chini upande mmoja, akayawekea neti ya kuzuia inzi. Upande wa pili, juu, akasimamisha bomba la bati lililopakwa rangi nyeusi. Jua linapasha bomba, hewa ndani yake inapanda, na inapopanda inavuta nyingine kutoka chini. Tuliwasha kijiti cha ubani karibu na tundu la chini, moshi ukaingia wote ndani, ukatokea juu. Mama akapiga vigelegele, na mpaka waliokuwa nje wakichomelea geti wakaja kuangalia.

Kuna sentensi moja ambayo hakuna aliyeitamka siku ile: "Hii ilishabuniwa na wengine." Vikaushio vya jua vipo duniani kwa miaka mingi, na nilikuwa na michoro yake. Nilisubiri. Kwa maoni yangu, sentensi hiyo imeua ubunifu mwingi kuliko ukosefu wa mitaji, na wasomi ndio tunaoitoa kwa haraka. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia hivyo kijana aliyekuja na mashine ya kupukuchua mahindi. Nilikuwa nasema kweli, na hakurudi tena. Mama wa Mwaloni nilimletea michoro wiki iliyofuata, baada ya bomba lake kufanya kazi, akaisoma kama mtu anayezungumza na wenzake. Akatuonyesha wapi wamekosea kuhusu unene wa tabaka la dagaa.

Sasa taratibu. Hofu ya kuibiwa wazo haiondoki kwa kumwambia mtu "sisi ni ndugu". Tuliwahi kuwa na mgeni aliyepiga picha kazi ya kijana mmoja, na miezi michache baadaye kitu kile kile kikawa kinauzwa sokoni bila kijana kutajwa. Tangu hapo mgeni hapigi picha bila ruhusa ya mwenye kitu, hata awe mkubwa kiasi gani. Na tuna kaunta buku. Kila kitu kinachoingia kinaandikwa: tarehe, jina, kimekwama wapi, nani ameongeza nini, na mashahidi wawili wanaweka sahihi. Bomba lile limeandikwa kwa jina la fundi bati, kasha kwa jina la mama. Anayechukua wazo kwenda kulifanyia kazi anaandika pia. Utashangaa jinsi mdomo wa mtu unavyofunguka akishaona jina lake limeandikwa kwa wino.

Lakini nawaambia wazi, kaunta buku si hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa. Kwa Tanzania Bara hataza inatolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na sharti lake mojawapo ni kwamba uvumbuzi uwe mpya; ukishauonyesha hadharani unaweza kuharibu upya huo kwa mdomo wako. Kwa hiyo mtu mwenye kitu anachofikiri kinastahili kulindwa, namwomba asikifungue mbele ya watu. Tunakaa wawili ofisini, tunazungumzia usajili kwanza. Tena hataza ya BRELA inalinda ndani ya Tanzania Bara. Ziwa letu lina nchi tatu, na mtu wa Kisumu hafungwi na karatasi ya Dar. Anayetaka nchi kadhaa anaweza kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kulinda mali za ubunifu, lenye makao Harare, kwa ombi moja. Kazi nyingi zinazofika kwetu, kwa uzoefu wangu, zinanufaika zaidi na macho ya mafundi kumi kuliko na cheti. Hata hivyo uamuzi si wangu, ni wa mwenye kitu, na lazima aufanye kabla salfeti haijatoka.

Wanaodhani kushirikishana ni hasara nawapa mfano wa Cornwall, Uingereza. Migodi ya kule ilikuwa inajaa maji, na wenzetu wa Geita wanaijua adha hiyo. Injini za mvuke za kuyavuta zilikuwa chini ya hataza ya James Watt mpaka ilipoisha mwaka 1800. Mwaka 1811 Joel Lean akaanza kuchapisha taarifa ya kila mwezi: injini ipi, ya mgodi upi, imeinua maji kiasi gani kwa kipimo kile kile cha makaa. Kila mhandisi akawa anaona aliyemzidi na kwa muundo gani. Kufikia miaka ya 1840, wastani wa kazi iliyotoka kwenye kipimo hicho ulikuwa umepanda zaidi ya mara tatu. Na walikuwa washindani!

Usukumani hilo si geni. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Kila kundi linaona mbinu ya mwenzake waziwazi, linarudi nyumbani kutafuta kubwa kuliko hiyo. Nenda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, ujionee.

Ndiyo maana ubao wetu wa ukutani una vipimo: kikaushio cha nani, kilo ngapi zimeingia, saa ngapi mpaka wakauke, hali ya hewa ilikuwaje. Yaliyoshindikana yanaandikwa kwa herufi zile zile. Sasa hivi kuna vikaushio vinne, na mama wa Mwaloni si wa kwanza tena. Amepitwa na kijana wa Igombe aliyeinua chano kwa kimo cha kiganja ili hewa ipite chini yake vizuri zaidi.

Wote wanne wamekwama sehemu moja. Nailoni ya kawaida inakakamaa kwa jua, baada ya miezi michache inapasuka ukiigusa kwa kidole. Ile yenye kinga ya jua, inayotumika kwenye mabanda ya kilimo, inadumu miaka, lakini kila tulipouliza wanauza roli nzima. Mama anataka wachangishane wanunue roli moja wagawane. Kijana anataka kujaribu vioo vya madirisha vilivyotumika, ingawa fundi bati anasema mbao zile hazitabeba uzito. Vioo viwili vimeshapatikana Buzuruga. Jumamosi tunavipima.