Afya ya akili kazini: usisubiri likizo

Tiba ya mazungumzo ni nini?
Ni matibabu. Mgonjwa hukutana na mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, aghalabu mara moja kwa wiki, wakachambua pamoja anavyofikiri na anavyoyakabili yanayomsumbua. Si mawaidha, wala si soga.

Nitajuaje kwamba kinachonisumbua si uchovu wa kazi tu?
Uchovu wa kawaida hupungua mtu akipumzika. Huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2, huku usingizi na umakini vikivurugika, yaweza kuwa sonona. Wengi wanaonijia kwa tiba hii hawataji huzuni. Huja na bahasha ya vipimo vya kichwa na tumbo, vyote safi, simu wameilaza kifudifudi gotini, na kila inapotetemeka huipindua upesi kuona kama ni mkuu wa kazi.

Nikichukua likizo si itapita?
Hapana. Likizo hupunguza uchovu, haitibu sonona.

Basi nimalize kwanza kazi iliyo mbele yangu?
Hapana tena, na niwie radhi kwa ukali huu, kwa kuwa jibu hili nimelitoa mara nyingi mno. Kazi hiyo ikiisha itakuja nyingine, nawe utaahirisha tena. Anayekuja wiki ya 3 huwa na usingizi wa kurekebisha; anayekuja mwaka wa 2 mara nyingi ameshapata barua za onyo, amegombana na nyumba nzima, na amezoea pombe au vidonge vya usingizi alivyojinunulia mwenyewe. Usisubiri.

Hata kama bado ninatimiza majukumu yangu?
Hata hivyo. Kufika kazini kila siku si kipimo cha afya.

Mwajiri anapata faida gani mfanyakazi akitibiwa?
Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya dola trilioni 1 za Marekani. Hata hivyo, mwajiri asidhani kwamba akimlipia mfanyakazi ushauri nasaha ameruhusiwa kuendelea kumrundikia kazi za watu watatu. Mzigo nao sharti upunguzwe.

Je, mkubwa wangu atajua niliyoyasema?
Mtaalamu hufungwa na usiri, isipokuwa katika hali chache, kama pale uhai unapokuwa hatarini. Ikiwa mwajiri ndiye anayelipa, uliza siku ya kwanza ni taarifa gani zitamfikia.

Ni wakati gani hata miadi haifai kusubiriwa?
Yakikujia mawazo ya kujiua au ya kutamani kufa, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukisindikizwa na mtu unayemwamini. Mwenzako akikutajia mawazo hayo, usimkemee wala usimwambie ajikaze: keti naye, usimwache peke yake, na mfuatane hadi mapokezi ya wagonjwa wa dharura.