Kipimajoto Kinasoma 14, Barafu Inatoka Wapi?

Asubuhi ya Juni kwenye uwanja wa ndege wa Songwe kule Mbeya, au Nduli kule Iringa, taarifa ya hali ya hewa ya uwanja inaweza kusoma 14/13. Namba ya kwanza ni joto la hewa kwa nyuzi za Selsiasi, ya pili ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka maji. Rubani anayetazama ya kwanza peke yake ataona barafu iko mbali. Anakosea, hasa kama injini yake ni ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa.

Kooni mwa kabureta shinikizo la hewa hushuka, na petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto. Joto laweza kuporomoka nyuzi 20 au zaidi. Toa 20 kwenye 14: umebaki na hasi 6, na hewa imeshiba maji, maana tofauti ya zile namba mbili ni nyuzi 1 tu. Kwenye ndege ya propela isiyobadili pembe, utaona mizunguko ya injini ikishuka polepole bila mtu kugusa mkono wa mafuta. Fungulia hewa ya moto ya kabureta yote, si nusu. Injini itakohoa barafu ikiyeyuka na maji yakipita ndani. Wengi huogopa hapo wakaifunga. Usiifunge.

Mabawani hali ni tofauti. Barafu huko hutokana na matone ya wingu yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda, zaidi kati ya 0 na hasi 20. Joto hupungua takriban nyuzi 2 kwa kila futi 1,000 unazopanda. Songwe ni futi 4,400 hivi. Uwanjani kukiwa na nyuzi 20, tegemea sifuri karibu na futi 14,400.

Kihisi cha joto cha ndege nacho huongeza chumvi, kwa kuwa hewa inayokigonga hujibana na kupata joto: nyuzi 5 hivi kwa kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 200, zaidi ya 25 kwa noti 450. Ndiyo maana miongozo ya jeti nyingi huagiza kuwasha kinga ya barafu ya injini mawinguni tangu kihisi kisomapo 10.

Njombe, ndege ikilala nje usiku usio na wingu, bawa hupoa kuliko hewa yenyewe. Kipimajoto kitasoma 3, na sakitu imetanda juu ya bawa. Ifute yote kwa kitambaa laini kabla ya kuruka. Maji ya moto yaache: hutiririka kwenye bawaba za vibao vya kuongozea ndege na kuganda humo.