"Sista, ile dawa inamharisha": dhana potofu kuhusu wagonjwa wa ini

Wiki haipiti wodini bila ndugu wa mgonjwa kuniambia: "Sista, ile sharubati tumeiacha, ilikuwa inamharisha baba." Baba mwenyewe kalazwa tena, yuko kitandani na anadai ashushwe Buguruni, akidhani yuko kwenye daladala.

Sharubati hiyo, laktulosi, haimharishi kwa bahati mbaya, ndiyo kazi yake. Ini lililojaa makovu halimudu tena kuondoa amonia, sumu inayotoka utumboni, nayo hupanda na damu hadi kwenye ubongo na kuvuruga akili. Laktulosi huinasa humo humo utumboni na kuitoa na choo. Tunataka choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Ikizidi, hasa kikiwa maji matupu, dozi hupunguzwa, maana kukaukiwa maji nako kunavuruga akili. Asipopata choo, huongezwa. Kuiacha, hapana. Na dawa ya kufunga tumbo msimpe, jamani.

Kila familia naiagiza daftari: choo mara ngapi, uzito wa asubuhi kabla ya chai, na mgonjwa aandike jina lake kila siku. Wenzangu hunicheka, lakini mwandiko huanza kuharibika kabla hajaanza kuropoka. Dalili nyingine ni kulala mchana kutwa na kukesha usiku. Mwambieni anyooshe mikono, viganja vitazame mbele kama anasimamisha daladala. Vikipigapiga vyenyewe, mleteni. Si mapepo. Maombi fanyeni, ila mkiwa njiani kuja hospitali. Akihangaika usiku asipewe vidonge vya usingizi, vitamzamisha zaidi. Kichochezi huwa ni kufunga choo, maambukizi au damu inayovuja ndani. Choo kikiwa cheusi kama lami, msisubiri kukuche.

"Akitolewa maji tumboni, anakufa." Wengi wa waliokufa waliletwa tumbo likiwa limevimba miezi, pengine maji yameshaingia maambukizi. Kinachoua ni ugonjwa uliokomaa na kuchelewa. Zikitolewa zaidi ya lita 5 huwekewa albumini, yaani protini ya damu, kwenye mshipa, na hapo ndipo bili inapowashtua watu. Tumbo la maji likiambatana na homa au maumivu, sampuli ichukuliwe siku hiyo hiyo.

"Asinywe maji, ndiyo yanajaa tumboni." Yanashikiliwa na chumvi. Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye ng'onda, papa mkavu na viungo vya paketi. Kupunguza maji ni amri ya daktari, sodiamu ikishuka sana kwenye damu. Madafu ya kila siku nayo, kwa anayemeza spironolaktoni, dawa ya kukojosha maji, yanaweza kumpandishia potasiamu.

"Nyama, mayai na maharage ni sumu kwake." Mnamkondesha bure! Misuli nayo husaidia kuondoa amonia. Ale, na asilale bila kikombe cha uji wa maziwa.

"Ini ni ugonjwa wa walevi." Wapo wasiowahi kuonja pombe, wana homa ya ini B. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata. Pimeni nyumba nzima.

"Parasetamoli inaua ini, bora diklofenaki." Kinyume kabisa. Diklofenaki inaweza kumharibu figo na kumvujisha damu. Parasetamoli, daktari akiridhia, huruhusiwa hadi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, vikigawanywa.