Je, Wajua kwa Nini Kelele Huingia Ndani Hata Dirisha Likiwa Limefungwa?

Anayeishi Sinza, Manzese, Tabata au popote pale Dar es Salaam ambapo chumba cha kulala kinatazamana na barabara anaijua hali hii: saa tano usiku unafunga dirisha, unavuta pazia, unajilaza, na bado unamsikia dereva wa bodaboda akibadilisha gia, kisha konda wa daladala ya mwisho akiita abiria, tena kwa ufasaha kiasi kwamba unatambua kama anaita Mbagala au Gongo la Mboto. Wengi huamini kuwa kosa ni la kioo chembamba. Wanaagiza kioo kinene, fundi anakitia kwenye fremu ileile, fedha zinatoka, na kelele zinabaki karibu vilevile. Sababu ni kwamba sauti ni mtikisiko wa hewa, na penye upenyo wa hewa, hata ule usioonekana kwa macho, sauti hupita nayo.

Upenyo huo una hesabu yake, na ni hesabu ya kushangaza. Chukua dirisha lenye upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2. Mwanya wa milimita 3 tu ukizunguka ukingo wake wote ni sawa na takriban asilimia 1 ya eneo la dirisha hilo, na uwazi wa asilimia 1 unatosha kulifanya lisiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata kama sehemu iliyobaki ingekuwa ya zege. Ikumbukwe kwamba sauti ikipungua kwa desibeli 10, sikio la binadamu huihisi imepungua kwa karibu nusu. Ukuta wa tofali za sementi za inchi 6, uliopigwa lipu pande zote mbili, huzuia takriban desibeli 45. Lakini ukuta huohuo wa mita 10 za mraba ukiwekwa dirisha la mita 2 za mraba linalozuia desibeli 20, ukuta na dirisha kwa pamoja huzuia desibeli 27 tu. Badilisha dirisha hilo kwa lingine linalozuia desibeli 35, na jumla inapanda hadi 40. Tofali ni zilezile, chumba ni kilekile. Kilichobadilika ni dirisha peke yake.

Ndiyo maana, kabla ya kwenda kwa fundi wa aluminiamu, nashauri uanze na kijiti cha udi. Subiri jioni yenye upepo, zima feni, funga dirisha vizuri, kisha kipitishe kijiti kinachofuka polepole kwenye ukingo wote: chini kwenye reli, katikati pale vipande viwili vinapokutana, na juu kwenye pembe. Moshi ukipanda wima, hapo pamezibika. Ukiyumba au ukisukumwa ndani ya chumba, umepata njia ya kelele. Angalia pia pale fremu inapokutana na ukuta, kwa sababu mara nyingi fundi hupaka silikoni juu juu ili pawe safi, ilhali nyuma yake kumebaki uwazi unaoweza kuingiza kidole.

Katika nyumba zetu, dirisha baya kuliko yote kwa kelele ni lile la vioo vyembamba vilivyopangwa kama ngazi na kufunguliwa kwa mkono wa chuma, kwa kuwa kila kipande kinaacha mwanya wake. Zuri kwa hewa, bure kabisa kwa sauti. Linalofuata ni dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni, ambalo limeenea jijini kuliko jingine lolote. Ili vipande vyake viteleze, ni lazima pawe na nafasi kati yake na reli, na nafasi hiyo huzibwa kwa manyoya ya brashi tu, ambayo hupunguza vumbi lakini hayafungi hewa. Dirisha la bawaba, lile linalofunguka kama mlango, lina faida ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii: ukizungusha kitasa, kipande kizima hukandamizwa kwenye raba inayozunguka pande zote nne. Endapo una fedha za jambo moja tu, hili ndilo la kulipia. Dirisha la bawaba lenye kioo cha kawaida na raba nzima litakupa utulivu zaidi kuliko dirisha la kusukuma lenye kioo cha bei kubwa.

Mianya ikishazibwa, hapo ndipo unene wa kioo unapopata maana. Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita ya mraba, cha milimita 6 kina kilo 15, na kitu kizito huwa kigumu kutikiswa na sauti. Hata hivyo kila kioo kina sauti yake inayokipita kwa urahisi: kwa kioo cha milimita 6 ni mitikisiko kama 2,000 kwa sekunde, eneo ambalo sikio letu linasikia vizuri sana. Dawa yake ni kioo cha tabaka, yaani vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati. Unakifahamu tayari, kwani ndicho kioo cha mbele cha gari, kile ambacho kikipigwa na jiwe hupasuka bila kumwagika. Utando ule laini humeza sehemu ya mtikisiko kabla haujafika upande wa pili.

Wauzaji husifu sana dirisha la vioo viwili vyenye hewa katikati. Hapa napendekeza tahadhari. Dirisha hilo lilienea katika nchi za baridi kwa ajili ya kutunza joto, na sehemu kubwa ya sifa yake ya kuzuia kelele inatokana na fremu zake zinazobana vizuri. Vioo viwili vya milimita 4 vikitenganishwa kwa milimita 12 hutikisika pamoja kama ngozi mbili za ngoma moja, na kwa ngurumo nzito za injini ya lori havikizidi sana kioo kimoja kinene. Ukiamua kuvinunua, dai vioo vya unene tofauti, kimoja kikiwa cha tabaka. Njia yenye nguvu zaidi ni kuacha dirisha la nje na kuongeza la pili upande wa ndani, kwa nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati yao.

Kuna kelele ambayo dirisha lolote huishinda kwa shida, nayo ni besi ya muziki wa baa. Wimbi lake la sauti hufikia urefu wa karibu mita 6 na hutikisa kuta, dari na bati. Kwa hiyo njia ya malalamiko isisahaulike: Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ndiyo yenye jukumu la kuzisimamia.

Linabaki suala la joto, ambalo kwa Dar es Salaam si dogo. Dirisha linalozuia sauti huzuia pia upepo, na usiku wa Januari chumba kilichozibwa hakilaliki. Feni huzungusha hewa iliyomo, na kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupoza hewa ileile bila kuleta mpya. Hivyo usizibe nyumba nzima. Chagua chumba cha kulala, ziba upande wa barabara, na uruhusu hewa iingie kutoka uani. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha ya nyumba nyingi yasiachwe wazi yakitazama barabarani, la sivyo gharama yote ya dirisha itapotelea hapo. Pasipo na uani, fundi anaweza kutengeneza kisanduku chenye kona mbili na kukitandika sponji ndani: hewa huzunguka kona na kuingia, sauti hupungua nguvu kila inapogonga sponji.

Unapoelewana na fundi, andikeni mambo haya kwenye karatasi: dirisha la bawaba, raba pande zote nne bila kukatika kwenye pembe, aina ya kioo na unene wake, na kujazwa kwa uwazi kati ya fremu na ukuta kabla ya silikoni kupakwa. Kisha baki na sehemu ya malipo mkononi. Siku akimaliza kazi, funga dirisha mbele yake na uwashe udi tena.