Kumiksi kwa kii na tempo, maana yake nini hasa?

Ushawahi kusikia dijei kaunganisha ngoma mbili, biti zimekaa pamoja safi kabisa, kiki (lile dramu zito la chini) juu ya kiki, lakini kuna kitu kinakukera masikioni na huwezi hata kusema ni nini? Mara nyingi hapo tempo iko poa ila kii zinagombana.

Tempo ni mwendo wa ngoma, zinahesabiwa biti ngapi kwa dakika, ndo hiyo BPM. Ngoma nyingi za hausi, ule muziki wa klabu, ziko kati ya 120 na 128. Hii watu wengi wanaijua na programu za siku hizi zinakulinganishia kwa kitufe kimoja so siongei sana hapo, ila kumbuka tu ngoma ya 87 inaweza kukaa na ya 174 maana moja ni mara mbili ya mwenzake.

Kii, wengine wanaita ufunguo, ni lile kundi la noti ambalo wimbo unalitumia, na ndani yake kuna noti moja ndo nyumbani, melodi itazunguka weee mwisho inarudi pale. Noti ziko 12, kila moja ina kii ya meja (inasikika changamfu) na ya maina (ina huzuni kidogo), jumla kii 24. Sasa kukariri zipi zinaelewana ni kazi ya watu waliosoma muziki, sisi wengine tunatumia gurudumu la Camelot, limekaa kama saa ya ukutani, namba 1 mpaka 12, herufi A ni maina na B ni meja. Ngoma iko 8A (yaani A maina)? Nenda 8A nyingine, au 7A, au 9A, au vuka kwenda 8B. Sababu yake ni rahisi tu, 8A na 9A zinatofautiana noti moja, na 8A na 8B noti zote ni zilezile, kinachobadilika ni nyumbani tu.

Sasa patamu ni hapa, na ndo panapowachanganya wengi: tempo na kii vimefungwa pamoja. Ukiharakisha ngoma sauti nayo inapanda, kama ulishawahi kuzungusha santuri kwa kidole unajua ninachosema. Ukipandisha mwendo karibu asilimia 6, kii imepanda nusu toni nzima, yaani noti moja mbele kati ya zile 12. Chukua remiksi (wimbo uliotengenezwa upya) ya BPM 118 iliyo 8A, isukume mpaka 125 ikutane na ngoma yako nyingine, haipo tena 8A, imeshakuwa 3A, na wewe bado unasoma 8A kwenye skrini unashangaa mbona inalia vibaya. Mbaya zaidi ni ukisukuma asilimia 3, hapo unabaki katikati ya kii mbili, haiko huku wala kule, na hakuna namba kwenye gurudumu itakayokuokoa.

Ndo maana kuna kitufe cha kufunga kii, unabadilisha mwendo bila sauti kupanda wala kushuka. Kinasaidia sana tu, ila ukivuta mbali sana vokali (sauti za kuimba) zinaanza kuwa kama za roboti na kiki inapoteza uzito. Mimi naona bora uchague ngoma zilizokaribiana mwendo toka mwanzo, kuliko kulazimisha.

Na remiksi zina mambo yake. Usichukue kii ya wimbo wa asili ukadhani remiksi ni ileile, aliyeitengeneza anaweza kuwa kachukua vokali tu akavuta tempo, akahamisha kii, akaweka besi mpya chini. Faili la remiksi lenyewe ndo uliskani kwa programu ya kutambua kii. Halafu hata programu hukosea, hasa ngoma ikiwa na besi chafu au melodi kidogo, so weka headfoni, sikiliza besi za zote mbili kwa pamoja, sikio lako likikataa na skrini ikikubali, amini sikio.

Kama ngoma unaitaka sana na kii hazielewani kabisa, remiksi nyingi za kuchezea zina biti 32 au 64 za dramu tupu mwanzoni na mwishoni. Kwa mwendo wa 124 biti 32 ni kama sekunde 15 hivi, hakuna melodi hapo ya kugombana na mtu, ingia hapo, toa besi ya ile inayoondoka kabla ya mpya haijaanza kuimba.