Je, Wajua? Mtoto Mhamiaji Akitoweka Bila Mzazi, Waandishi wa Habari Hujuaje?

Mtoto wa Makorora au Chumbageni, hapa Tanga, akichelewa kurudi kutoka madrasa, kabla ya isha mtaa mzima huwa na habari: mama ameshapita kwa majirani, baba yuko kwa mjumbe, jina la mtoto limetangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti, na kukipambazuka taarifa iko polisi. Shughuli yote hiyo huanzishwa na mtu mmoja anayejua kuwa mtoto huyo alipaswa kuwa nyumbani. Mtoto aliyevuka mipaka peke yake hana mtu wa namna hiyo. Anayepaswa kugundua kuwa hayupo ni mlinzi wa kambi au karani wa uhamiaji, na mara nyingi anachofanya ni kuandika kwamba ameondoka kwenda kusikojulikana, kisha kitanda kinapewa mwingine.

Ndiyo maana uchunguzi wa kihabari kuhusu watoto hawa huanzia kwenye makaratasi. Mwaka 2016 Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilikadiria kuwa watoto wasiopungua 10,000 waliofika Ulaya bila wazazi walikuwa hawajulikani walipo. Baadaye waandishi wa nchi mbalimbali waliungana katika mradi uitwao Lost in Europe, wakazitaka serikali, moja baada ya nyingine, zitoe hesabu zake. Majibu yalipojumlishwa mwaka 2021, yalionyesha watoto 18,292 waliotoweka kati ya 2018 na 2020. Walipouliza tena kuhusu miaka ya 2021 hadi 2023, jumla ilifika 51,433, yaani karibu watoto 47 kila siku, kwa muda wa miaka mitatu.

Kuisoma namba hiyo kunataka uangalifu, na hapa ndipo kazi ya mwandishi inapokuwa ngumu. Italia ilikuwa na watoto 22,899 na Austria 20,077, lakini haifuati kwamba nchi hizo mbili ndizo zinazowalinda watoto vibaya kuliko zote. Huenda ni kwamba zinaandika, ilhali nyingine, kama Ufaransa, hazikuwa na takwimu za kutoa. Nchi yenye sifuri inaweza kuwa nchi isiyohesabu. Kwa upande mwingine, mtoto mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili, akitoweka Italia kisha akatoweka tena Austria, hasa ikiwa jina lake liliandikwa kwa tahajia tofauti katika kila kituo. Katika miaka hiyo hifadhi ya alama za vidole ya wakimbizi wa Ulaya ilichukua alama za walio na miaka 14 na kuendelea, kwa hiyo mtoto wa miaka 12 hakuwa na alama ya kuoanisha rekodi zake. Mwandishi makini husema haya yote wazi pamoja na namba yenyewe.

Wengi huondoka wenyewe, kwa sababu wana ndugu katika nchi nyingine na utaratibu wa kuwaunganisha unakwenda polepole mno, au wanaogopa kurudishwa katika nchi ya kwanza waliyoandikishwa. Wengine huondolewa na wasafirishaji haramu wa watu. Mwaka 2019 waandishi walifichua kuwa watoto wapatao 60 wa Kivietinamu walikuwa wametoweka katika vituo vya Uholanzi ndani ya miaka mitano, na Oktoba ya mwaka huohuo, maiti 39 za Wavietinamu zilipokutwa ndani ya lori huko Essex, Uingereza, ilibainika kuwa vijana wawili miongoni mwao waliwahi kukaa katika kituo kimoja cha Uholanzi. Rekodi ya kituo na orodha ya marehemu, zikiwekwa pamoja, zilieleza njia waliyopita.

Baada ya makaratasi, njia ya pili ya kupata habari ni watu wa ndani. Januari 2023 gazeti la Observer, likitegemea maelezo ya watu waliofahamu hali ilivyokuwa, liliandika kuwa watoto waliowekwa na serikali ya Uingereza katika hoteli karibu na Brighton walikuwa wakitekwa nje ya hoteli. Serikali ilikiri bungeni kuwa watoto 200 waliokuwa katika hoteli zake walikuwa bado hawajapatikana. Julai ya mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwaweka watoto hotelini kama utaratibu wa kawaida kulikuwa kinyume cha sheria.

Sisi wa Tanga tuna sehemu yetu katika jambo hili. Vijana wa Ethiopia, wengi wao kutoka maeneo ya Hadiya na Kambata, hupitia Kenya, huingia nchini kwa njia za panya kandokando ya kituo cha mpakani cha Horohoro na kuelekea Afrika Kusini. Habari zetu kwa kawaida huishia kwenye idadi ya “wahamiaji haramu” walionaswa na gari walilokuwamo. Umri hautajwi, ingawa Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, kwa kuwa mtoto ambaye habari haikumtaja hawezi kuulizwa baadaye amepelekwa wapi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi nafasi ya kuomba takwimu kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Maswali ya kuanzia yapo: walionaswa mwaka jana walikuwa na umri gani, nani aliuthibitisha, wangapi walipelekwa mahakamani pamoja na watu wazima, na wangapi walikabidhiwa kwa ofisa ustawi wa jamii.

Majibu yakipatikana, jina na picha ya mtoto havichapishwi. Dalali aliyemsafirisha mtoto kwa magendo na anayelidai deni la safari naye husoma habari, na familia iliyoko kijijini ndiyo atakayoipigia simu.