Timu kumi na sita za Mikindani na timu mbili za Scilly

Wiki mbili baada ya fainali, katibu wa ligi ya mpira ya mtaa mmoja wa Mikindani, Mtwara, alinifuata kazini akiwa na kaunta buku ya jalada la bluu iliyochakaa pembe, akaiweka juu ya meza yangu ya maktaba, akasema, "Njomba, tuandikie." Anajua kwamba mimi ni mkutubi na kwamba usiku huhariri Wikipedia ya Kiswahili, naye alitaka ligi yake iwe na makala yake humo kama zilivyo nazo klabu za Ndanda na Namungo. Nilimjibu kwamba kwa sasa haiwezekani. Hapo akatoa simu na kunionyesha makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu ligi ya visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, yenye timu mbili tu, Garrison Gunners na Woolpack Wanderers, ambazo hukutana zenyewe kwa zenyewe msimu mzima katika uwanja uleule. "Sisi tuna timu kumi na sita," alisema. Nilikubali kwamba anastahili jibu refu kuliko lile nililompa.

Sehemu ya mkanganyiko imetokana na neno lenyewe. Kanuni inayoamua kama jambo lipewe makala yake, sisi wahariri wa Kiswahili tumezoea kuiita umaarufu, na mtu akisikia umaarufu hufikiria kujulikana. Kwa kipimo hicho ligi ya katibu ingepita bila kupingwa, maana siku ya fainali hata miembe iliyo nyuma ya goli la upande wa bahari hujaa watu. Kanuni, hata hivyo, haiulizi ni wangapi wanaijua ligi. Inauliza kama watu wasiofungamana nayo wameiandika kwa kina, tena mahali panapoaminika, kiasi kwamba mhariri aliyeko Kigoma au Tokyo, ambaye hajawahi kukanyaga Mikindani, aweze kuandika makala nzima kwa kusoma maandishi hayo peke yake.

Tuliketi tukapitia ushahidi aliokuja nao. Kaunta buku ina safu za mechi, ushindi, sare, kufungwa na mabao, zote zimepigwa rula kwa wino mwekundu, na kwa kweli nimeona kumbukumbu za ofisi zenye mishahara zisizofikia unadhifu huo. Lakini ameiandika katibu mwenyewe. Ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp ni vya ligi pia. Barua ya ofisi ya kata inathibitisha kwamba waliruhusiwa kutumia uwanja, basi. Kilichobaki kilikuwa kipande cha gazeti alichokihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, chenye aya nne. Aya ya kwanza inasema diwani amekabidhi seti mbili za jezi na mipira, ya pili na ya tatu zinamnukuu diwani kuhusu vijana na dawa za kulevya, na ya nne, kwa sentensi moja, inasema vifaa hivyo vitatumika katika ligi ya mtaa inayoendelea. Picha ni ya diwani akiwa ameishika jezi. Nilimwomba katibu afunike aya tatu za mwanzo kwa kiganja kisha aniambie gazeti limesema nini kuhusu ligi. Alicheka, akasema, "Kwamba ipo." Huko ndiko kutajwa kwa kupita, na hakutoshi kubeba makala.

Redio ndiyo inayonisikitisha zaidi. Katibu aliniambia kwamba msimu mzima matokeo yao husomwa hewani jioni, na mara mbili mtangazaji alifika uwanjani kuwahoji makocha. Hicho kingekuwa chanzo huru kabisa. Lakini Wikipedia hudai chanzo ambacho mtu mwingine anaweza kukirudia na kukikagua, na vipindi hivyo, kwa maelezo yake, havikuwahi kurekodiwa wala kuwekwa mtandaoni. Sauti imepita na upepo.

Wapo wanaosema kanuni hii ni ubaguzi na kwamba ingelegezwa kwa mikoa kama yetu. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu imo ndani ya kaunta buku ileile. Kuna fainali moja iliyoamuliwa kwa penalti giza likiwa limeshaingia, na daftari linaonyesha mshindi alipata nne kwa tatu, ilhali upande wa pili mpaka leo unashikilia kwamba penalti ya mwisho iligonga mwamba ikarudi uwanjani na kwamba mbuzi wa ubingwa aliliwa kimakosa. Katibu wa leo alikuwa beki wa timu iliyomla mbuzi huyo. Simtuhumu kwa lolote. Ninachosema ni kwamba, kwa kutegemea daftari peke yake, kamusi elezo ingetangaza bingwa kwa neno la beki wake, na wale wengine wasingekuwa na mahali pa kukata rufaa. Kudai chanzo huru kunawalinda wao kabla ya kuilinda Wikipedia.

Sasa turudi Scilly. Ligi ile haikuingia kwa ubora wa mpira wake. Iliingia kwa sababu inatajwa kuwa ligi ndogo kuliko zote duniani, jambo lililowavuta waandishi wa magazeti na televisheni kuvuka bahari kwenda kuitazama, na mwaka 2008 kampuni ya Adidas iliwapeleka huko wachezaji wakubwa, akiwemo David Beckham, kwa ajili ya tangazo. Ingekuwa na timu kumi na sita, pengine hakuna ambaye angepanda meli. Uridhaa wenyewe si kikwazo, na mfano wa karibu zaidi ni Ndondo Cup ya Dar es Salaam, ambayo ni mashindano ya timu za mitaani lakini yamerushwa kwenye televisheni na kuandikwa na magazeti ya michezo. Wala udogo wa mji si kikwazo: Namungo ni ya Ruangwa, na msimu wa 2020/21 ilipofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, waandishi wa nchi kadhaa walilazimika kujifunza kulitamka jina lake.

Katibu aliuliza tena kwa nini basi karibu kila kata ya Tanzania ina makala, hata zile ambazo hakuna gazeti lililowahi kuzifikia. Jibu ni kwamba kata ni eneo linalotambuliwa kisheria na lenye takwimu za sensa, kwa hiyo huchukuliwa tangu mwanzo kwamba linastahili. Michezo haina upendeleo huo, na imezidi kubanwa: hadi mwaka 2022, katika Wikipedia ya Kiingereza, mwanasoka aliyecheza hata mechi moja tu katika ligi ya kulipwa alidhaniwa kustahili makala, kisha wahariri wakajadiliana na kukiondoa kigezo hicho.

Malalamiko yake yana ukweli mmoja ambao sitaki kuuficha. Kanuni hupima mahali magazeti yanakofika, na huku kwetu Lindi na Mtwara mwandishi akija hufuata bei ya korosho, gesi, au ziara ya kiongozi. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India aliongoza jaribio huko India na Afrika Kusini la kurekodi masimulizi ya wazee na wanakijiji na kuyatumia kama vyanzo vya Wikipedia, kwa hoja kwamba maarifa mengi ya dunia hayajaandikwa popote. Hoja hiyo naikubali, ila jaribio halikugeuka kuwa kanuni, na hata lingegeuka, fainali ya penalti ingehitaji kusimuliwa na pande zote mbili.

Tulikubaliana mambo matatu. Kipande cha gazeti, ambacho hakitoshi kwa makala nzima, kinatosha kwa sentensi moja katika makala ya kata, kwa kuwa masharti ya kuwa na makala hayahusu kila sentensi iliyo ndani yake. Sentensi hiyo nitaiandika mimi, si yeye, maana hapaswi kuiandikia ligi yake. Picha za uwanja alizopiga mwenyewe atazipakia Wikimedia Commons, hazina ya picha inayotumiwa na Wikipedia, ambako hakuna sharti la umaarufu. Na kaunta buku tutaipiga picha ukurasa kwa ukurasa ili nakala ibaki maktaba, pengine siku moja mwanafunzi au mwandishi atakayeitumia atazaa kile chanzo huru tunachokikosa.

Kazi ya kupiga picha tuliianza siku ileile. Ukurasa wa tisa, mbele ya mechi ambayo safu zake zote ziko tupu, kuna maneno ya wino mwekundu: "Haikuchezwa. Msiba kwa jirani wa uwanja. Timu zote mbili zilienda kuchimba kaburi." Katibu aliuliza kama hilo nalo lipigwe picha, ilhali halina matokeo. Nilimwambia alishike daftari vizuri lisikunjamane.